Chupa ya Watoto Kumi

Kila mtoto, Sista wa dispensari yetu alimwita mzee. Awe msichana au mvulana, awe wa wiki sita au wa mwaka na nusu, Sista alikuwa anamgonga pajani kwa vidole viwili kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, anasema, "Pole, mzee," na kabla mzee hajajua kuna jambo, sindano imeshaingia na kutoka. Mtoto akilia, Sista alimtazama mama. "Na wewe unalia nini? Ni wewe umedungwa?" Tulikuwa tunacheka huku machozi yanatutoka.

Nimemwona wiki iliyopita baada ya miaka mingi, na tangu nirudi nyumbani namsema kichwani. Nikimsema kichwani anakuwa mtu mbaya kabisa, hana hata pa kushikilia. Nikichukua kalamu, mambo mengine yanakataa kukaa hivyo. Kwa hivyo naandika. Shule niliachia darasa la sita, na daftari hili nimezoea kuandikia mvua na matanga tu, siku gani imenyesha na nani amefariki. Nikimwonea Sista mahali, sijui kama itakuwa ni kalamu imenishinda ama ni roho yangu. Atakayesoma ataamua.

Jina lake naliacha. Hata sisi hatukulitumia. Wanaume walimwita Daktari, akina mama tulimwita Sista, na watoto waliokwisha kupata akili walipomwona njiani walikuwa wanaingia kichakani.

Dispensari yetu iko kati ya Kabati na Migwani, ng'ambo ya mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Vyumba viwili na baraza. Mimi nakaa upande huu mwingine wa mto, mwendo wa saa mbili ukiwa na mtoto mgongoni. Sista alikuwa peke yake pale, yeye ndiye wa kupima mimba, wa kushona kidonda cha panga, wa kufagia. Lakini kazi yake yenyewe, ile aliyoipenda, ilikuwa chanjo. Alipokuja, watoto waliokuwa wanapelekwa kliniki walikuwa wachache, na wengi waliishia sindano ya kwanza. Alipoondoka, ukimpata mtoto ambaye kadi yake ina pengo ulikuwa unauliza kama mamake ni mgeni. Hilo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Mimi pia siwezi.

Kulikuwa na friji ya gesi ndani ya chumba cha pili. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, alikuwa anaweka sikio kwenye mlango wake na kusikiliza, kama anavyosikiliza tumbo la mwenye mimba. Siku moja gesi ikaisha na ile nyingine haijaletwa. Akapanga chanjo zote kwenye kikasha cha barafu, akapanda bodaboda kwenda kuzihifadhi Migwani. Kijana wa boda alitaka kukifunga kikasha nyuma kwa mpira. Sista akamwambia, "Mamako alikufunga nyuma kwa mpira?" Akakipakata. Kwenye mchanga wa mto pikipiki ikaanguka. Aliendelea kwa miguu, na waliomwona akifika wanasema goti lake lilikuwa limechunika mpaka nyama inaonekana, lakini kikasha hakikuwa hata na vumbi.

Zawadi alikuwa hachukui. Ukimpelekea mayai alikuuliza huyo mtoto wako amekula ngapi. Lakini maji alichukua, tena kwa nguvu. Dispensari haikuwa na bomba, kwa hivyo kila mama aliyekuja kliniki alipaswa kubeba mtungi wa lita tano. Mama akija mikono mitupu alirudishwa kisimani kwanza, hata kama amejifungua mwezi jana. Kuna waliosema ni ukatili. Mimi niliona ni haki, maana maji yale yale ndiyo aliyotunawia.

Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Ikifika saa ya matangazo alisimama bila kuitwa, anatoa kipande cha kalenda ya zamani ambacho amekiandika nyuma, anasoma majina ya akina mama ambao hawakurudisha watoto. Hakusoma kwa hasira. Alisoma kama mtu anayesoma orodha ya nyimbo. Mchungaji alijaribu kumkataza, akajibiwa kwamba yeye mwenyewe husoma majina ya wasiotoa sadaka na hakuna aliyekufa. Aibu ile ilituingia. Mama mmoja alitoka ibadani moja kwa moja kuelekea dispensari na mtoto mgongoni, hata wimbo wa mwisho hakuungoja.

Jina langu halikuwahi kusomwa. Neno hilo naliweka hapa ili lisikike vizuri, kwa sababu nilikuwa najivunia. Mwende alikuwa mtoto wangu wa kwanza, na kadi yake niliiweka ndani ya Biblia ili isikunjike. Wiki sita, nilikuwepo. Wiki kumi, nilikuwepo. Wiki kumi na nne, nilifika hata kabla ya Sista, na yeye akasema mbele ya wenzangu, "Kama mngekuwa wote kama Mama Mwende ningekuwa nimelala nyumbani."

Sasa juu ya ile chupa. Dawa ya surua ilikuja ikiwa unga mweupe kidogo ndani ya kichupa, na maji yake kando. Kichupa kimoja kilikuwa cha watoto kumi. Ukishachanganya unga na maji, lazima kiishe siku ile ile, saa chache tu, kinachobaki kinamwagwa. Basi Sista aliweka sheria kwamba surua ni Alhamisi. Alhamisi tukusanyike tuwe wengi, chupa ifunguliwe, iishe. Siku nyingine hafungui. Na hata Alhamisi, wakiwa wawili watatu, alikuwa anatoka barabarani kuangalia kama kuna mwingine anakuja ndipo akate kile kifuniko. "Nikimwaga tisa kwa ajili ya mmoja," alikuwa anasema, "hao tisa nitawaambia nini wakija?" Chanjo zenyewe zilikuwa zinakuja kwa kubahatisha. Kuna miezi alipewa chupa tatu tu. Nimefikiria sheria hiyo miaka yote hii kwa kila upande na bado sijapata mahali ambapo ni ya kijinga.

Ila alikuwa na watu wa kuivunjia sheria.

Huko juu mlimani kuna watu wa kanisa moja dogo ambao hawaendi hospitali. Wakiugua wanaomba, wakifa wanaimba. Kadi ya kliniki kwao ni dhambi. Sista aliwafuata kuliko alivyotufuata sisi wote. Walimfungulia mbwa, alirudi. Mzee wao akamwambia watoto wale ni wa Mungu, na yeye akajibu kwamba mtoto hana dini mpaka aote meno, kabla ya hapo ni wa mamake. Siku moja alikwenda akakaa langoni kwa huyo mzee na kuanza kuambua mbaazi pamoja na wanawake wa boma, bila kusema neno moja la sindano, kuanzia asubuhi. Jua lilipoanza kushuka mke mmoja akaingia ndani akatoka na mtoto, akamwekea mapajani. Sista akafungua chupa hapo hapo. Kwa mtoto mmoja. Zile tisa akazifukia.

Habari hiyo ilifika Kabati kabla yake, na sisi tulimsifu. Mimi mwenyewe nilisimulia kisimani mara ngapi sijui. Sikuona kitu ndani yake.

Mwende alitimiza miezi tisa siku ya Jumatatu. Kadi ilisema miezi tisa, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata kadi. Habari ya Alhamisi nilikuwa sijaisikia. Wenzangu wanasema ilitangazwa, na mimi siwezi kukataa, labda nilikuwa nje na mtoto. Nilivuka mto, mtoto mgongoni na mtungi mkononi. Nikafika saa tatu. Hakukuwa na mtu mwingine barazani.

Alimpima Mwende, akasema amenona. Akaangalia kadi, akasema safi. Halafu akanirudishia.

"Surua ni Alhamisi, mama."

Nikamwambia nimetoka mbali na shamba linaningoja, mawingu yameanza kujikusanya. Nilimwita mwaitu, ambalo kwetu ni kama kusema mama yangu, unamwambia mwanamke yeyote ukitaka akulainikie. Hakukasirika. Aliniwekea mkono begani.

"Siwezi kufungua ya kumi kwa mmoja. Na wewe nakujua. Wewe utarudi."

Nilisikia kama nimesifiwa. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma nikiikumbuka, kwamba nilitoka pale nikiwa nimefurahi. Maji yangu nilikuwa nimeshayamwaga kwenye pipa lake.

Jumatano usiku mvua ikanyesha. Aliyezaliwa Ukambani hahitaji kuelezwa. Mvua ya kwanza ikishuka unapanda asubuhi yake, unapanda na nani, unapanda na kila mwenye mikono, kwa sababu mwaka mwingine hiyo ndiyo mvua yote utakayoiona. Alhamisi nilikuwa shambani na Mwende amelala kwenye leso chini ya toroli. Nilijua ni Alhamisi. Sitasema nilisahau. Nilijiambia ile nyingine. Na Alhamisi ile nyingine mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, hata ng'ombe hawakuvuka. Ya kwanza ni kosa langu. Ya pili si ya mtu.

Jumapili hiyo kanisani nilimwona Sista akisimama na kipande chake cha kalenda, maana kanisa liko upande wetu na yeye alikuwa amezunguka kwa darajani. Nikainamisha kichwa. Akasoma majina manne. Langu hakulisoma. Nikashukuru. Baadaye nilielewa kwamba kama angelisoma, kwa ile aibu, ningezunguka darajani hata mimi.

Siku chache baadaye Mwende akaamka na macho mekundu, pua inatiririka, na homa ambayo ukimgusa unatoa mkono. Vipele vikaanzia nyuma ya masikio.

Sista alikuja mwenyewe, hakuitwa, alisikia tu. Alikuja siku nne mfululizo kwa ile njia ndefu ya darajani. Alimpa matone ya vitamini, akamwosha macho kwa maji ya chumvi, akanifundisha kumnywesha kwa kijiko. Aliniambia surua hupenda kula macho, na haya hatutaipa. Kweli hatukuipa. Macho ya Mwende ni kazi ya mikono yake, na mtu akitaka kumsema vibaya mbele yangu lazima kwanza aanze na hilo. Masikio yalianza kutoa usaha wiki ya pili. Usaha ukaisha, homa ikaisha, mtoto akanenepa. Ilichukua miezi kabla nigundue kwamba nikiangusha sufuria nyuma yake hageuki.

Baba Mwende alikuwa kwenye kazi ya mawe upande wa Makueni. Aliporudi nilimweleza yote, Jumatatu na Alhamisi mbili. Alivua viatu akavikung'uta vumbi la mawe. Kisha akasema, "Na mahindi, yalitoka?" Hakuuliza zaidi, wala hajauliza tena mpaka leo. Mahindi yalikuwa yametoka vizuri.

Sista hakuwahi kuniambia pole. Watoto wadogo wenye kudungwa aliwaambia kila siku, mimi hakuniambia. Wala mimi sikuwahi kumwuliza. Nilizaa wengine wawili na kuwapeleka kwake, Alhamisi, na mtungi wa maji. Tuliongea habari za uzito na za meno. Kuna mwaka alisikia mahali kuna shule ya viziwi inayochukua watoto wadogo, akaandika barua, akaipeleka mwenyewe, na Mwende akapata nafasi. Huko ndiko alikojifunza kuongea kwa mikono, na mimi nikajifunza kwake wakati wa likizo, polepole, kama mtu anayejifunza kusuka akiwa mzee. Huko pia ndiko alikojifunza cherehani. Naandika hilo nalo.

Halafu Sista akastaafu akarudi kwao Kalamba, na tukaletewa kijana mwenye simu mbili.

Wiki iliyopita mimi na Mwende tulikwenda Kalamba. Mwende ana kibanda chake cha ushonaji Kabati, na kwaya ya akina mama wa kanisa moja huko ilikuwa imeagiza magauni ya kijani. Tulikuwa tumeyabeba kwenda kuyajaribu na kupinda chini kila mtu kwa kimo chake. Nilijua Sista anakaa Kalamba. Sikujua anaimba.

Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Amekonda, miguu imevimba kidogo, lakini mgongo ni ule ule. Wenzake walikuwa wameshatoka nje kwa chai. Mwende akapiga magoti mbele yake, pini zimejaa mdomoni, akaanza kukunja pindo.

"Mama Mwende," Sista akasema. Halafu akainama kumtazama yule aliyepiga magoti. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mwende aliinua uso, akatabasamu na pini zake, akarudi kwenye kazi.

"Macho yake yako sawa," Sista akasema, kama fundi anayekagua ukuta alioujenga. Nikaona nitoke nje. Nilikuwa nimegeuka hata.

"Siku ile ulipotoka," akasema nyuma yangu, "chupa niliifungua."

Nilifikiri ni uzee. Nikamwuliza chupa gani.

"Ya Jumatatu. Wewe umetoka tu, akaja mwanamke wa kule mlimani. Alipitia nyuma, kwenye choo. Mtoto amemfunika na gunia ili mume asimwone. Anatetemeka. Wewe niambie, mwaitu. Huyo ningemwambia Alhamisi, angerudi?"

Nilifikiria, kwa sababu aliuliza kama anataka jibu. "Hangerudi."

"Hangerudi. Nikafungua. Nikachanja mmoja. Nilitoka na chupa mkononi nikasimama barazani. Ulikuwa hujafika mtoni. Nilikuona mgongo, na ule mtungi wako mweupe."

Nikarudi karibu naye. "Si ungeniita?"

Alitazama mbele, ukutani, mahali kwaya hutundika ubao wa nyimbo.

"Nilikuwa nimeshasema Alhamisi," akasema. "Ningekuita, kesho yake wangekuja mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Na nilijua utarudi. Wale wa kule ndio nilikuwa sijui."

Nje kikombe kilianguka na akina mama wakacheka. Akaendelea, sasa kwa haraka, kwamba mwaka ule surua ilipopanda mlimani nyumba ya mwanamke yule ndiyo pekee ambayo haikuzika mtoto. Yule wa kwenye gunia ni mtu mzima, anaendesha lori. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo ningeweza kumchukia vizuri.

"Hili sijamwambia mtu," akasema. "Mwambie yeye. Mimi sijui hiyo lugha yao."

Mwende alikuwa ameshaona nyuso zetu. Watu wa namna yake hawahitaji sauti kujua kuna jambo. Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola yake, akaniuliza kwa mikono huyu mama anasema nini.

Mikono yangu niliiangalia kama si yangu. Maneno nilikuwa nayo. Chupa najua kuiweka, na Jumatatu, na mgongo, na mto. Nimekaa naye miaka ishirini na mbili bila kumficha kitu. Hata ile Alhamisi ya kupanda nilimwambia mwenyewe alipofika umri wa kuuliza, akaninunia siku mbili akaacha. Nikamwambia kwa mikono kwamba mama anasema gauni limemkaa vizuri, tangu ujana wake hajashonewa nguo kama hii.

Uso wa Mwende ukafunguka. Akamgonga Sista kidogo kwenye mguu kumshukuru, akarudisha pini mdomoni.

"Umemwambia?" Sista akauliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa huruma. Huu haukuwa wa huruma, na nilijua wakati nausema.

Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa anamtazama binti yangu utosini, jinsi anavyotabasamu kule chini peke yake na pindo la kijani. "Na yeye amesema nini?"

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kumpa msamaha kwa mikono ya mtu asiyejua kuna la kusamehe. Ningeweza pia kumpa lile jingine, na angelibeba mpaka kaburini akiamini limetoka kwa Mwende.

"Amesema usimame wima," nikamwambia. "Pindo linakwenda upande."

Akasimama wima. Alisimama hivyo mpaka Mwende alipomaliza kumzunguka pande zote, mikono imeshuka mbavuni, macho mbele, akingoja kama kuna neno lingine, na mimi nikamwacha asimame.